Gari Linalokunywa Gongo

Des Moines, Iowa
9 Machi 2025

Yaya wangu Leonia, shikamoo.

Naomba karatasi hii ikukute umekaa na shemeji Elieza baada ya sala ya jioni, yeye kavua miwani anakusubiri usome. Mwambie shemeji yake wa mbali bado anapumua, ingawa baridi ya mwaka huu ilitaka kuninyofoa masikio. Angelina wangu yupo, anafua mashuka ya hoteli. Watoto wanaota kwa Kiingereza. Nikiwaita kwa lugha yetu wananitazama kama mtu aliyepiga chafya. Mimi niko kule kule kiwandani, kwenye nyama. Ulisema simu inakatakata na maneno ya simuni hayakai, basi nimenunua bahasha.

Habari yenyewe ni kwamba nimepata gari. Si jipya, mlango mmoja unafunguliwa kwa kubembelezwa, lakini ni langu. Siku ya kwanza kwenda kuweka mafuta nikaona kifuniko cha tangi ni cha njano, nikamuuliza mwenzangu wa kazi. Akaniambia gari hili linatumia vyote viwili: petroli ya kawaida, au pombe kali wanayoitengeneza kwa mahindi, au ukichanganya kwa kipimo unachotaka, lenyewe linajua limepewa nini. Pampu yake iko pale pale kando ya petroli, na bei yake ni ya chini.

Yaani yaya, gari langu linakunywa gongo. Linakunywa kuliko marehemu baba mdogo, na asubuhi linaamka kwenda kazini.

Nimecheka kwanza. Huku mahindi hayana mwisho, unaendesha mpaka unachoka na bado ni mahindi. Nikakumbuka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tulivyokuwa tukipanga foleni ya unga na bakuli kichwani. Hapa wanalisha magari. Sijui Mungu anaionaje hesabu hiyo, na mimi ni nani wa kumuuliza, maana nimelijaza tangi.

Niombeeni. Msalimie mpwa wangu Wema, najua anaimba bado.

Ndugu yako,
Anatoli


Gungu, Kigoma
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Mdogo wangu mpenzi Anatoli,

Bwana amefufuka. Sisi tu wazima kwa neema yake, magoti yangu tu ndiyo yanayonikumbusha umri. Umeniita tena yaya. Nimekwambia hapa Gungu jina hilo ni la mtu anayelea watoto wa wenzake. Jirani akisikia ataniuliza mshahara. Lakini usiache. Tangu mama afe hakuna mwingine anayeniita hivyo.

Wema anaimba, sauti ya pili. Shemeji yako bado mzee wa kanisa, bado anakoroma, bado anasafirisha watu na mizigo kwa boti kati ya Kibirizi na kwao Mwamgongo.

Barua yako nimemsomea mara tatu. Pale kwa baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake akawapelekea kisa hicho wenzake pale Kibirizi wanapopakia mizigo. Wakamwambia, "Mzee Elieza, siku hizi mahubiri yako yana harufu." Akarudi anacheka peke yake.

Ila sasa hacheki, anafikiri. Petroli hapa imepanda, tena siku nyingine hakuna kabisa. Anakwenda na dumu anarudi nalo tupu. Na kuanzia katikati ya mwezi ujao ziwa litafungwa, hakuna kuvua, wasafiri watapungua. Anasema kama gari la Anatoli linatumia gongo, injini ya boti nayo ni injini. Anakuuliza, je, ni kila injini au ni hiyo ya kifuniko cha njano tu? Kipimo chake ni kipi?

Nimemwambia, baba Wema, wewe ni mzee wa kanisa, hilo gongo utalinunuaje? Akasema, "Sinunui kinywaji, nanunua mafuta." Nimeona nikuulize wewe kabla hajapata jibu lake mwenyewe. Simu tuliyo nayo ni moja, anatembea nayo yeye, kwa hiyo jibu kwa barua, na usikawie.

Nakuombea kila asubuhi, wewe na Angelina na hao waota Kiingereza.

Dada yako,
Leonia


Des Moines
1 Juni 2025

Yaya, shikamoo. Shemeji, salamu nyingi.

Nisameheni kwa kuchelewa. Barua yenu ilikuja kabla ya katikati ya Mei, nikaiweka juu ya friji niijibu Jumapili, na Jumapili zikageuzwa kuwa siku za kazi. Angelina alipata homa, imepita. Mtoto wa kwanza anamaliza shule mwakani, akipenda Mungu.

Swali la shemeji. Nimeuliza pale kazini. Wanasema hata hii petroli ya kawaida ya huku imetiwa pombe hiyo, sehemu moja katika kumi, na kila gari linaitumia bila kulalamika. Hayo ya kifuniko cha njano, kama langu, ndiyo yanayoweza kupokea nyingi sana, karibu yote. Basi nadhani sehemu moja katika kumi haina neno kwa injini yoyote.

Ila mwambie asishangilie. Bei yake ni ya chini lakini inaisha upesi. Nikijaza petroli tupu nafika mbali zaidi kwa tangi lile lile. Na siku za baridi kali gari lilikataa kuwaka, nikalisukuma na Angelina akiwa na gauni la kanisani. Mwisho wa yote sioni kama nimeokoa kitu, nimebadilisha tu mahali pa kulalamikia.

Naandika haraka, gari la wenzangu linapiga honi. Nitaeleza vizuri nikipata nafasi.

Anatoli


Des Moines
13 Julai 2025

Yaya Leonia,

Leo sisalimii kwa urefu. Sisi wazima.

Nimempelekea fundi gari langu, nikamsimulia kwa kumchekesha habari ya shemeji na gongo. Hakucheka. Ameniambia kile kitu cha pampuni si gongo. Kinaanza kama gongo, lakini wanakikausha maji yote mpaka tone la mwisho, kwa mitambo. Gongo la kwetu nusu yake ni maji, pengine zaidi. Ukilitia kwenye petroli, maji yanajitenga na kushuka chini ya tangi, na mpira wa mafuta unanyonya kutoka chini. Injini inaweza kwenda vizuri kwanza, halafu inameza maji inazimika, na haiwaki tena.

Mwambie shemeji asijaribu. Hata ile moja katika kumi. Nilisema vibaya. Neno langu la mzaha ndilo lililoharibu, ningekiita kile kitu kwa jina lake tangu mwanzo.

Nimepiga simu yake siku tatu hizi, haipatikani. Nadhani ni mtandao wa huko ziwani. Naitia barua hii kwenye sanduku la posta leo hii.

Anatoli


Gungu, Kigoma
17 Agosti 2025

Mdogo wangu Anatoli,

Mungu wetu ni yule yule. Magoti yangu hayajambo. Mvua bado, vumbi limejaa mpaka kwenye vikombe. Wema amepungua kidogo. Mama Yunisi wa jirani anatuletea mboga. Barua yako ya Juni tuliipata, na hii ya Julai nimeipokea juzi.

Elieza hayupo tena, Anatoli. Ameondoka tarehe za mwanzo za Julai. Ningekupigia, lakini namba yako ilikuwa kwenye simu yake, na simu iko chini ya ziwa.

Alifuata kipimo chako. Siku za kwanza injini ilikwenda vizuri mpaka akaniimbia. Kisha petroli ikakosekana kabisa, akaongeza. Siku hiyo alikuwa anapeleka sukari na sabuni Mwamgongo, peke yake, na upepo ulikuwa mkali. Waliokuwa ufukweni walimwona mbele ya hifadhi ya Gombe, injini imezimika, ameinama anafungua mpira wa mafuta, anavuta kamba, anafungua tena. Mawimbi yalimsukuma kwenye mawe. Vijana wa Mwamgongo walipomtoa ndani ya boti, shati lake lote lilikuwa limelowa gongo, na dumu lilikuwa bado limefungwa kwenye ubao wa boti, limebaki nusu.

Basi unaweza kuelewa yaliyosemwa. Mzee wa kanisa amekufa amelewa. Mchungaji Onesmo hakuja kuzika. Alisema kanisa haliwezi kumwombea mtu aliyekufa na chupa mkononi. Hakukuwa na chupa. Tulimzika wenyewe kwao Mwamgongo, Wema akaimba peke yake sauti ya pili, bila ya kwanza. Na pale ukutani kanisani, kwenye majina ya wazee walioanza lile kanisa, jina lake wamelipaka rangi nyeupe. Ukikaa upande wa dirisha unaona bado kidogo, E na Z.

Unamjua. Katika maisha yake hajaonja hata togwa lililolala siku mbili likachacha. Nilikwenda kwenye baraza la wazee nikawaeleza kuwa lilikuwa mafuta. Mzee Feliksi, huyu fundi cherehani, akaniuliza, "Mama Wema, boti ililewa au mwenye boti?" Wakacheka, hata mchungaji akainamisha uso. Niliwaonyesha barua yako ya kwanza; ile ya Juni alitembea nayo, imezama pamoja na simu. Wakasema huo ni mzaha wa mtu na dada yake, nao ni mzaha kweli.

Sikulaumu. Usikae huko ukajila moyo, nakujua. Nani alisema nini na nani alinunua nini, hayo tuyaache. Ninaloomba ni moja. Waandikie baraza barua ya heshima, uwaeleze kwamba huko magari yanatumia kitu hicho kweli, ili wamrudishie Elieza jina lake na waende wakamwombee kaburini. Sitaki kingine.

Dada yako,
Leonia


Des Moines
28 Septemba 2025

Yaya wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Angelina amelia, watoto wamelia kwa sababu mama yao analia. Tumefanya ibada hapa nyumbani, tumeimba zile za shemeji.

Nimewaandikia baraza. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nne kwa mchungaji Onesmo, na picha nilizopiga: pampu, kifuniko cha njano, na mimi nikiweka mafuta. Nimeeleza kila kitu kwa ukweli, jinsi kinavyotengenezwa, jinsi kinavyokaushwa maji, kwamba kinawekwa kwenye magari yaliyoundwa kwa ajili yake, na kwamba gongo la nyumbani haliwezi kufanya kazi hiyo. Nimeeleza ndiyo maana injini ilizimika. Sikuficha hata kosa langu. Nimeona ukweli mtupu ndio utakaomwosha shemeji. Wasipoelewa nitaandika tena, nitaandika mpaka waelewe. Naweza kumtafutia mchungaji hata maandishi ya wataalamu.

Kuhusu mimi hakuna la kusema. Gari bado ninalo, kazini hakufikiki kwa miguu. Naweka petroli ya kawaida sasa. Ila hata hiyo, kama nilivyokuambia, ina ile sehemu ya kumi. Nimezunguka kutafuta isiyo nayo, pampu zote ninazozijua zimeandikwa kwamba imo. Nasimama pale nimeshika mpira na watu nyuma yangu wanasubiri.

Nisemee kwa Wema. Mimi sijui nimwambie nini.

Anatoli


Gungu, Kigoma
30 Novemba 2025

Mdogo wangu Anatoli,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Mvua imefika, mahindi nyuma ya nyumba yamechomoza. Wema amepata kibarua cha kuuza kwenye duka la vitenge mjini. Mama Yunisi amejifungua, wa kike. Mimi nalala, naamka.

Karatasi zako nne nilizipeleka mwenyewe. Baraza walikaa kanisani, mchungaji akasoma kwa sauti yote, na alisoma vizuri, sina neno. Picha zikazungushwa. Mzee Feliksi akasema umenenepa. Kisha mchungaji akarudi pale ulipoandika kwamba gongo haliwezi kuendesha injini, akapasoma tena taratibu, akavua miwani.

"Mama Wema," akaniambia, "ndugu yako mwenyewe, anayeishi huko, anasema kile si gongo. Na anasema gongo haliingii kwenye injini. Sasa la Elieza lilikuwa la nini?"

Nikasema hakujua. Alidhani linaingia.

"Mtu mzima, fundi wa boti, akamwaga nusu maji kwenye petroli yake?"

Mzee Feliksi akasema, "Hilo hata mlevi hafanyi." Safari hii hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Waliponicheka nilijua bado wana moyo wa kusikiliza. Sasa walikuwa wananihurumia. Nikaona kila ukweli tutakaoongeza, wewe na mimi, wataupanga juu ya kaburi lake kama mawe. Ukweli wetu unataka mitambo na picha na nchi ya mbali. Wao wana shati lililolowa.

Basi nikasimama. Nikawaambia gongo lilikuwa langu.

Nikasema nilikuwa nalinunua huku na kulipeleka Mwamgongo kuwauzia wavuvi, kwa siri, na nilikuwa nampa Elieza dumu nikimwambia ni mzigo wa mtu, asilifungue. Nikasema wimbi ndilo lililolipasua kifuniko likammwagikia. Nikasema nimekaa kimya kwa aibu, na wewe nikakuomba uniandikie hadithi ya magari ili nijifiche nyuma yake. Utanisamehe? Nilihitaji mahali pa kuziweka karatasi zako nne.

Waliniamini papo hapo, Anatoli. Sikuulizwa hata swali moja. Mzee Feliksi akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Sasa hapo tumeelewa," akasema. "Ungesema mapema, mama, usingetusumbua na mambo ya Amerika."

Uongo huo una kipande chake cha kweli. Kununua nilinunua mimi. Mzee wa kanisa asingeweza kuonekana mlangoni kwa muuza gongo, nikajifunga kitenge mpaka puani nikaenda mimi, kila mara. Lile la mwisho pia. Sikukuambia mwezi wa nane kwa sababu nilidhani Mungu peke yake ananitosha kwa hilo.

Wiki mbili zilizopita walikwenda Mwamgongo kwa boti mbili, na kwaya, na mchungaji akamwombea Elieza kwa machozi ya kweli, akamwita mtumishi aliyeponzwa na nyumba yake. Jina limeandikwa upya ukutani, kwa rangi nyeusi kuliko ya wenzake. Wema alitakiwa aimbe, akakataa. Anajua yote. Hanisemeshi sana, ananipikia tu, na chumvi anaweka ile ninayopenda.

Mimi nimetengwa. Sipokei meza ya Bwana, sisalimii kwa mkono mlangoni, nakaa benchi la nyuma na wasichana waliopata mimba. Wanawake wa umoja wetu wa kanisani hupita na madumu ya maji wakiniuliza kama leo ninalo la moto au la jana. Mwanzo niliumia. Sasa nawaitikia tu.

Linalonisumbua ni sala. Nilisema uongo mbele ya madhabahu, na siwezi kuutubu, kwa sababu kuutubu ni kuurudisha, na nikiurudisha watampaka rangi tena. Kila usiku napiga magoti nafika pale pa kuungama. Napita juu yake, naendelea na wagonjwa na wasafiri. Sijui kama sala ya namna hiyo inapanda. Nadhani haipandi. Lakini yeye ameombewa, na mimi nilitaka hicho.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ulisema utaandika mpaka waelewe. Usiandike. Usimtafutie mchungaji wataalamu wala picha nyingine. Neno lako moja la kweli likifika hapa, Elieza anakuwa mlevi tena. Na akija huko mtu yeyote wa kwetu, akakuuliza kama ni kweli dada yako alikuwa akiuza gongo, usimweleze habari za gari. Mwambie ndiyo, aliuza.

Yaya wako,
Leonia